Mwenye waya akigeuka mwenye gazeti

Nimefanya kazi miaka sita kwenye dawati la matangazo madogo madogo ya gazeti moja la kila siku, sio mwandishi, sijawahi kuandika hata habari moja ikatoka na jina langu, mimi nlikuwa yule mtu wa dirishani. Kwa ambao hawajawahi kuiona ile kazi, mtu anakuja au anapiga simu, unavuta fomu yenye vijumba, kila neno linakaa kwenye kijumba chake, unahesabu kwa kidole halafu unamtajia bei. Hapo ndo anaanza kupunguza. Toa hiyo "sana", acha "nzuri" peke yake. Toa "tafadhali". Mpaka tangazo linabaki mifupa mitupu, chumba kinapangishwa, gari linauzwa, mbwa kapotea, namba ya simu, basi.

Watu wa chumba cha habari walikuwa wanapita pale kwetu kama wanapita kwenye ukuta. Lakini hela ilikuwa inatoka kwenye vile vijumba jamani. Sio kwetu tu, dunia nzima gazeti lilikuwa linaishi hivo. Chukua Marekani mwaka 2000, magazeti yaliingiza karibu dola bilioni 48.7 za matangazo ya kwenye karatasi, na humo karibu bilioni 19.6 ilikuwa matangazo madogo madogo, asilimia 40 hiyo. Yani mwandishi anayekaa mahakamani kutwa nzima kusubiri hukumu, nauli yake na mshahara wake vimelipwa na mtu anayeuza friji alilolichoka.

Nakumbuka kulikuwa na mama mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa anatoa tangazo la kufundisha hesabu kila wiki, maneno kumi na mbili, hayabadiliki, mpaka nilikuwa naijaza ile fomu hata kabla hajafika dirishani. Siku moja kaja mikono mitupu, kaniambia mwanangu leo nimekuja kukuaga, ile kampuni iliyonifungia intaneti nyumbani wana ukurasa wao wa kufungulia, ukiwasha kompyuta tu unaukuta, kuna sehemu ya matangazo na mimi kwa sababu ni mteja wao naweka bure. Akanionyesha kwenye karatasi aliyoichapisha. Tangazo lake lilikuwa pale, refu, aya tatu, kaandika hadi darasa gani anafundisha na saa ngapi, vitu ambavyo kwetu asingeweza kulipia. Na juu ya tangazo lake, kwenye karatasi ile ile, kulikuwa na vichwa vya habari vinne. Viwili nilivijua. Vilikuwa vyetu, vya gazeti la jana yake, maneno yamegeuzwa geuzwa kidogo tu.

Ile karatasi niliikaa nayo siku nyingi. Manake watu saa hizi ukiwauliza nani kaua gazeti wanakwambia Google na Facebook, na ni kweli hao ndo waliokula mnofu, sibishi. Ila kabla yao alikuja mwenye waya. Mtoa huduma wa intaneti, kampuni ya simu, yule ambaye kazi yake ilikuwa kutupitishia gazeti mpaka kwa msomaji, akaona mbona na mimi naweza kuwa na gazeti langu humu humu. Na hii habari yake haisimuliwi, ndo maana nimeamua kuiandika.

Wenye magazeti waliliona mapema kuliko tunavyodhani. Turudi nyuma, Julai 1980, Columbus Dispatch la Ohio linakuwa gazeti la kwanza la kila siku kusomeka kwa kompyuta, kupitia huduma ya CompuServe, msomaji akilipa dola 5 kwa saa. Lilikuwa jaribio, shirika la habari la AP lilikuwemo na magazeti mengine kadhaa, 1982 likaisha, na wengi wakarudi nyumbani wanasema haina watu hii. Lakini wakubwa wa magazeti hawakulala, manake waliona kitu kingine kabisa, waliona AT&T. AT&T wakati ule ndo simu yenyewe, waya wote Marekani karibu ni wake, na kama mwenye waya wote ataamua kuweka matangazo ya nyumba na magari kwenye waya wake, wewe mwenye karatasi utaenda wapi?

Bahati yao serikali ilikuwa inaivunja AT&T vipande. Makubaliano ya 1982 yalipofika kwa jaji Harold Greene, wenye magazeti wakapiga kelele mpaka zikasikika, na jaji akaiwekea AT&T marufuku ya miaka saba, hairuhusiwi kuchapisha habari kielektroniki kwenye waya zake yenyewe. Hoja yake ukiisoma leo unashtuka, kwamba anayemiliki njia akiwa na yeye ni mchapishaji, ana kila sababu ya kuwabana wachapishaji wengine wanaopita njia hiyo hiyo, anaweza kuwacheleweshea, anaweza kuchungulia wanauza nini na kwa nani. Na zile kampuni ndogo za simu zilizozaliwa baada ya kuvunjwa, nazo zikazuiwa kutoa huduma za habari mpaka 1991. Hata sheria mpya ya mawasiliano ya 1996 bado iliwalazimisha wakitaka kuchapisha kielektroniki wafungue kampuni ya pembeni, na hilo sharti lilidumu mpaka mwaka 2000.

Kwa hiyo hesabu mwenyewe. Magazeti yalipewa karibu miaka kumi ya nafasi, kwa amri ya mahakama, mshindani mkubwa kuliko wote kafungiwa nje. Hasira yangu mimi iko hapo hapo. Wakaifanyia nini ile miaka? Knight-Ridder, kampuni kubwa ya magazeti, angalau walijaribu, walianzisha Viewtron, huduma ya kusomea habari kwenye skrini nyumbani, kusini mwa Florida 1983, tena kwa kushirikiana na AT&T hao hao waliotengeneza kifaa chake, wakapoteza karibu dola milioni 50, wakafunga 1986. Na jambo lililojitokeza mle ndani ni kwamba watu walipenda kuandikiana ujumbe kuliko kusoma habari. Jibu lilikuwa mezani, mwaka 1986! Badala ya kulifuata wakahitimisha kwamba wateja hawataki skrini, wakarudi kwenye karatasi na faida zao nono, na wengi hawakuamka mpaka intaneti ya kupiga kwa simu imeshaingia majumbani.

Wafaransa walipita njia nyingine na mimi nadhani hiyo ndo ilipaswa kuigwa. Kule shirika la simu la serikali lilileta Minitel, kile kikompyuta kidogo cha kahawia kilichogawiwa bure nyumba kwa nyumba kuanzia miaka ya 80 mwanzoni, na magazeti yalikipinga vikali kwa hofu ile ile ya matangazo madogo madogo. Mwisho wakakubaliana. 1984 ukaanzishwa mfumo ulioitwa kioski, mteja anapiga namba anaingia kwenye huduma, dakika zinahesabiwa, bili inakuja pamoja na bili ya simu, shirika la simu linakata chake na sehemu kubwa inaenda kwa mwenye huduma, na mwanzoni wenye magazeti ndo waliopewa mlango huo. Magazeti kadhaa ya Ufaransa yalikula vizuri tu pale, japo kusema ukweli fedha nyingi ilitoka kwenye mazungumzo ya watu usiku na sio kwenye habari. Minitel ilizimwa 2012. Ila wazo lenyewe lilikuwa zuri na halikuhitaji miujiza: anayekusanya bili anamgawia anayetengeneza kinachosomwa.

Upande wa pili wa bahari hakuna aliyegawiwa kitu. Prodigy, huduma ya kulipia ya kompyuta kwa laini ya simu, ambayo ilikuwa ya IBM na Sears, ilikuja mwisho wa miaka ya 80 na matangazo ya biashara yamekaa chini ya skrini muda wote unaposoma, habari juu, tangazo chini, gazeti kamili isipokuwa hawana mwandishi wa kupeleka popote. AOL, huduma nyingine ya aina hiyo hiyo, wakafuata, wakaanza kwa urafiki, gazeti la San Jose Mercury News likaingia humo 1993, kampuni ya Tribune ya Chicago ikaingia mpaka na hela zake. Halafu 1995 AOL wakaanzisha Digital City, kurasa za miji, sinema zinaonyeshwa wapi, kazi ziko wapi, nyumba ziko wapi. Ukiangalia orodha ya vitu vilivyowekwa mle ni orodha ya dawati langu, moja baada ya nyingine.

Sasa kuna kitu hapa watu wanakipita haraka na mimi nataka tukae nacho kidogo.

Gazeti likiuza tangazo, ile hela ndo chakula chake. Mtoa huduma wa intaneti chakula chake ni ada ya mwezi. Habari kwake ni chambo, ni kitu cha kumfanya mteja asihame aende kwa jirani, na tangazo ni ziada, likija sawa lisipokuja sawa. Kwa hiyo anaweza kuuza tangazo kwa bei ambayo gazeti likiuza linakufa, anaweza hata kuligawa bure kama alivyogawiwa yule mwalimu wangu, na mwisho wa mwezi hesabu zake zinakaa vizuri tu. Wewe uliye gazetini unashindana na mtu ambaye hahitaji kushinda! Nilimweleza hivi bosi wangu wakati ule akaniambia punguza bei ya kijumba. Tukapunguza. Tukapunguza tena. Mwaka uliofuata dawati la watu tisa likabaki na watatu na mimi nikiwa mmoja wa waliotoka.

Halafu la pili, gazeti lilikuwa halimjui msomaji wake. Tulikuwa tunamwambia mfanyabiashara wasomaji wetu ni watu wa kipato cha kati, tumefanya utafiti, na hapo ndo mwisho wa maarifa yetu. Mwenye waya anajua jina lako, anajua unakaa wapi kwa sababu fundi wake alikuja kufunga kifaa, anajua saa unayoamka na saa unayolala, na kila tovuti unayotaka kwenda kwa kawaida kifaa chako kinamuuliza yeye kwanza iko wapi. Zamani kabla tovuti nyingi hazijaanza kusimba mawasiliano yake, yani kuyafunga yasisomeke njiani, alikuwa anaona hadi ukurasa uliosoma, siku hizi anaona zaidi umeenda tovuti gani, saa ngapi, umetumia data kiasi gani, na hiyo peke yake inatosha kabisa kujua nyumba hii inatafuta gari. Verizon, kampuni ya simu ya Marekani, walifika mbali zaidi, kuanzia 2012 walikuwa wanapachika namba ya siri kwenye maombi ya simu za wateja wao wanapofungua tovuti, huwezi kuifuta, huioni, inamtambulisha mteja kwa watu wa matangazo. Ilipojulikana 2014 watu wakawaka, na 2016 wakakubaliana na tume ya mawasiliano ya Marekani kulipa dola milioni 1.35. Kwa kampuni ya ukubwa ule hiyo ni hela ya chai. Mwaka uliofuata bunge la Marekani likafuta kanuni ambazo zingewataka watoa huduma waombe ruhusa kwanza kabla ya kutumia historia ya mteja kwa matangazo. Gazeti gani litashindana na hilo kwa fomu ya vijumba?

Sasa sikia walivyoishia. AOL mwaka 2000 wakatangaza kuungana na Time Warner, wenye CNN na jarida la Time, dili lililosemwa lina thamani ya dola bilioni 165 hivi, bomba na habari chini ya paa moja, na kwa mwaka 2002 kampuni hiyo ikapata hasara ya karibu bilioni 99. 2009 wakaachana. Mwaka huo huo AOL wakanunua Patch, tovuti za habari za vitongoji, zikafika kama 900, waandishi wakaajiriwa kwa mamia, na hela iliyokuwa inawalipa kwa sehemu kubwa ni faida ya wateja wa zamani waliokuwa bado wanalipia intaneti ya kupiga kwa simu. Nyingi ya zile Patch zilikuwa kwenye vitongoji ambavyo tayari vina kagazeti kake, kakawa kanapigania tangazo lile lile la fundi bomba lile lile. Mwanzoni mwa 2014 AOL wakaiachia Patch kwa watu wengine na mamia ya wafanyakazi wakapewa barua, wengine kwenye simu ya pamoja ya dakika chache.

2015 Verizon wakainunua AOL kwa dola bilioni 4.4, 2017 wakaongeza Yahoo kwa karibu bilioni 4.5, wakasema tutawapiku Google na Facebook kwenye matangazo. Mwisho wa 2018 wakafuta bilioni 4.6 za thamani kwenye vitabu, na 2021 wakauza vyote viwili kwa bilioni 5. AT&T, jina lile lile la enzi za jaji Greene japo mwenye jina sasa ni moja ya zile kampuni zilizozaliwa baada ya kuvunjwa, ikanunua Time Warner 2018 kwa bilioni 85, mwaka 2022 ikawa imeshatoka, na biashara yake ya matangazo ikauzwa kwa Microsoft. Kuna wanaozisoma hizo namba wanafurahi, wanasema unaona, mwenye waya kashindwa. Mimi sifurahi hata kidogo. Yeye akishindwa anarudi kwenye ada yake ya mwezi kama hakuna kilichotokea. Kagazeti ka kitongoji kalikokufa katikati ya hilo vumbi hakarudi, na mwandishi aliyekuwa anakaa kwenye kikao cha halmashauri kuandika nani kapewa tenda hayupo tena, wala aliyekuja kumtoa hayupo. Hicho ndo kinaniuma.

Na usifikiri yameisha. Tazama simu yako. Msomaji anakwambia siku hizi habari ni bure, silipii gazeti, wakati kila wiki ananunua bando. Analipa, tena pengine kuliko alivyokuwa analipia karatasi, ila ile hela yote inaishia kwa mwenye mnara, hakuna hata senti inayovuka kwenda kwa aliyeandika. Mbaya zaidi analipia hadi matangazo kwa data yake mwenyewe. New York Times walipima 2015 kurasa za mbele za tovuti 50 za habari kwenye simu, wakakuta zaidi ya nusu ya data yote iliyoshuka ilikuwa ni matangazo na vitu vyake. Yani unalipia mara mbili ya ulichokuja kusoma, na mwenye gazeti anaonekana ndo mbaya kwa sababu ukurasa wake ni mzito na unachelewa kufunguka.

Kisha kuna ile tabia ya vifurushi vya bure, mtandao fulani wa kijamii haukati bando, tovuti ya gazeti inakata. Mtu mwenye MB chache zilizobaki atakwenda wapi? Anakwenda kwenye cha bure, anakuta kichwa cha habari kimepigwa picha na kusambazwa, anaamini amesoma gazeti. India waliliona hilo, Februari 2016 msimamizi wao wa mawasiliano akakataza kampuni za simu kutoza bei tofauti kwa data kulingana na kinachofunguliwa. Sehemu nyingine nyingi inaendelea tu.

Mimi mwenyewe laini yangu hunitumia vichwa vya habari kila asubuhi, sikumbuki kujiunga. Wiki iliyopita nilikaa nikavihesabu siku tano mfululizo, vilikuwa 31. Nikavitafuta kimoja kimoja vimetoka wapi, kazi ya jioni mbili, nikakuta 26 vimeanzia kwenye magazeti, mwandishi ana jina, alikwenda mahali akauliza watu. Kwenye zile meseji hakuna hata moja iliyotaja gazeti lolote. Chini ya kila meseji kuna mstari wa tangazo, mkopo, mchezo wa kubahatisha, mlio wa simu.

Nikawapigia huduma kwa wateja. Nilisubiri sana kwenye laini, muziki unazunguka, mwisho akapokea kijana mpole sana, nikamuuliza, ndugu yangu naomba kujua hizi habari mnazonitumia mnawalipa shilingi ngapi walioziandika? Kijana akanyamaza kidogo, akaniuliza kama nataka kujitoa kwenye hiyo huduma. Nikamwambia hapana, nataka kuendelea kuzisoma, nataka tu kujua wanalipwa ngapi. Akasema atalifikisha hilo swali kwa wahusika, akanipa namba ya kumbukumbu ya tarakimu nane, nimeiandika nyuma ya daftari langu na Jumatatu nawapigia tena.